Ziwa liko mlangoni, kwa nini hatulitazami kwa ndani?

Wiki tatu zilizopita alikuja kliniki kijana mmoja wa Katonga, mzima wa afya, akiwa na swali moja tu. Amepata likizo, na kwa mwaka mzima amekuwa akijiwekea akiba aende Zanzibar kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Alikuwa anajaza fomu ya afya aliyotumiwa, na alipofika mahali panapouliza kama amewahi kuugua pumu, akasita. Pumu aliugua utotoni. "Daktari, niandike ndiyo au hapana?"

Nikamwambia aandike ndiyo, na sababu nitaieleza huko mbele. Lakini nami nikamuuliza: "Hapa nyumbani umewahi kuzamia?"

Akacheka. "Hapa? Hapa kuna nini, Daktari, zaidi ya dagaa?"

Kutoka kitandani kwa kijana huyu hadi majini ni mwendo wa dakika kumi. Swali lake sikumjibu siku ile kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Leo nalijibu hapa, maana najua si lake peke yake. Wengi wetu tunaoishi Kigoma na Ujiji tunalijua ziwa kama jiko, kama barabara, na kwa bahati mbaya kama kaburi. Habari ya chini ya maji tunayoijua ni ile ya meli ya Liemba, kwamba Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 wakiwa wamezipaka mashine zake grisi, ikaibuliwa mwaka 1924, na baadaye ikarudi kazini. Baada ya hapo, hatuna zaidi.

Nami nilikuwa hivyo hivyo

Nimezaliwa Ujiji, na nilifika umri wa miaka 46 sijui kuogelea. Nilipokuwa darasa la tatu, mtoto wa jirani yetu, ambaye jioni tulikuwa tunacheza naye gololi, alizama karibu na mahali mitumbwi inapofungwa. Maji yalikuwa ya kifuani kwa mtu mzima. Hakuwa peke yake, ila wote waliokuwa karibu naye walikuwa watoto wasiojua kuogelea kama yeye. Tangu siku ile mama alitupiga marufuku. Tulikwenda ziwani kuchota maji na kuosha vyombo, basi, tukarudi.

Simlaumu mama. Hata leo nikikumbuka kilio cha siku ile naelewa. Lakini kama tabibu naona marufuku ile haikutulinda kama alivyodhani. Mtu anayeishi ufukweni hawezi kuyakwepa maji maisha yake yote. Iko siku atapanda boti kwenda Kagunga, iko siku atateleza akifua, iko siku atamwona mwenzake anazama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na sehemu kubwa ni watoto na vijana. Kutojua kuogelea si kinga.

Kilichonirudisha ziwani ni magoti. Uzito ulikuwa umepanda na presha nayo ilianza kupanda. Nilijiandikia dawa ninayowaandikia wagonjwa wangu, yaani kutembea, lakini vilima vya Kigoma mnavijua. Kila nikitoka Mwanga kwa miguu, magoti yalivimba. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, aliyekuwa akija kwangu kwa kisukari, akaniambia niende kwake Jumamosi asubuhi atanifundisha maji. Wiki ya kwanza nilipiga mikono na miguu mpaka nikaishiwa pumzi, naye amekaa juu ya mtumbwi ananitazama. "Dokta," akasema, "unapigana nayo. Yalalie."

Ilinichukua mwezi na nusu kujifunza kuyalalia. Siku niliyoweza kuelea chali, masikio yakiwa ndani ya maji na macho yanatazama vilima vya Kongo ng'ambo, nilimkumbuka yule mtoto wa jirani. Kuelea tu, bila hata kujua kuogelea, kungetosha kumpa dakika za kusubiri mtu mzima afike.

Hapa kuna nini?

Mpwa wangu aliniletea kutoka Dar es Salaam miwani ya kuzamia inayofunika pua, na mrija wa kupumulia. Nilivivaa mara ya kwanza kwenye mawe ya upande wa Bangwe. Maji hapo yalinifika shingoni. Nilipoinamisha uso, kelele zote zilikatika, nikabaki nasikia pumzi yangu mwenyewe. Chini yangu mawe yalikuwa yamejaa samaki, na hakuna hata mmoja niliyemjua jina.

Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, lina takriban mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu zaidi, na umri wake ni mamilioni ya miaka. Kwa muda wote huo samaki wake wamekuwa wakibadilika humu humu. Wale wa jamii ya sato na perege peke yao ni zaidi ya aina 200, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaowafuga sebuleni kwenye matangi ya vioo, na wenye bidii husafiri mpaka huku kuja kuwaona kwao. Yupo mmoja mwenye nundu kichwani na mistari myeusi ubavuni, ambaye wafugaji wa nchi za nje wanamtambua kwa jina la mji wetu, Kigoma. Wanalijua jina letu kwa sababu ya samaki ambaye sisi hatujapata kumwona akiogelea.

Nikupe mifano michache ya yale utakayoyaona ukituliza macho. Wapo samaki wadogo kuliko kidole wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na ukikaribia kila mmoja anachomoka mlangoni kukutazama kama mwenye nyumba. Wapo mama wanaobeba mayai na vifaranga mdomoni. Yupo kambare mdogo mwenye madoa anayevizia mama hao wakati wa kutaga, akachanganya mayai yake na yao, ili mama wa watu amlelee. Kuhe tunayemla kwa ugali wa muhogo na mawese, majini ni mzazi mkali. Baba na mama hulinda maelfu ya vifaranga vyao na kumfukuza kila anayesogea.

Yupo pia samaki ambaye chakula chake ni magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda, kwa wengine kulia na kwa wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu unaolingana na mdomo wake. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori aliandika habari hiyo mwaka 1993, na mpaka leo wanafunzi wa biolojia wa nchi za mbali wanasomeshwa samaki wa ziwa letu.

Jambo jingine la kufurahisha ni kwamba haya hayahitaji kwenda kina kirefu. Oksijeni katika ziwa hili iko tabaka la juu tu. Kuanzia mita 100 hadi 200 na kitu kwenda chini, kutegemea uko kaskazini au kusini, hakuna hewa ya samaki kuishi. Wale wa rangi rangi wako wengi mahali jua linapofika, penye mawe yaliyoota ukungu wa kijani. Mita mbili tatu za kwanza zinakutosha mwaka mzima. Maji yenyewe ni ya vuguvugu, nyuzi joto 25 hivi na kuendelea, na penye mawe siku ya utulivu unaona mbali.

Faida kwa mwili

Maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wako. Mtu mnene, mwenye magoti mabovu au mgongo unaouma, anaweza kufanya majini mazoezi asiyoyaweza barabarani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wengi mnaniambia dakika hizo ni nyingi. Mimi Jumamosi moja nikiinamisha uso kwenye mawe, saa nzima hukatika bila kujua.

Halafu kuna pumzi. Mrija unakulazimisha kuvuta hewa polepole na kuitoa polepole, na moyo nao unatulia. Simu umeiacha nguoni. Kwa wagonjwa wangu wasiolala usingizi kwa mawazo, nimeanza kuuliza kama wanajua kuogelea.

Nisikudanganye lakini. Presha yangu imeshuka, na vidonge bado nameza. Maji hayachukui nafasi ya dawa.

Hatari zipo, tuzitaje

Ya kwanza ni kichocho. Zamani watu walizoea kusema Ziwa Tanganyika halina kichocho. Kipo. Minyoo hii hutoka kwa mgonjwa kupitia choo au mkojo, ikaingia kwa konokono, kisha hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, kwa dakika chache tu, bila maumivu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, penye matete na majani, karibu na makazi. Kwa hiyo usiogelee mwaloni, wala kwenye matete, wala mahali watu wanapofulia. Chagua penye mawe au mchanga safi unaopigwa na mawimbi, mbali na nyumba. Asubuhi mapema ni afadhali kuliko adhuhuri, kwa sababu wadudu hao hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Hakuna mahali pa kukuhakikishia usalama kamili, ndiyo maana mimi hupima. Ukianza kwenda ziwani mara kwa mara, kapime choo na mkojo wiki sita hadi nane baada ya kuingia majini, na mapema zaidi ukipata homa, muwasho au damu. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watoto shuleni, na hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili.

Ya pili ni mamba na viboko. Kaa mbali na midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi, na usiingie mahali popote bila kuwauliza wavuvi wa pale. Wao ndio wanaojua. Ukikutana na nyoka wa majini, mwache apite. Ana sumu, lakini anawinda samaki, hakuwindi wewe.

Ya tatu ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unaweza kulichafua ziwa kwa muda mfupi. Usiingie peke yako, wala ukiwa umekunywa pombe, na anayejifunza avae boya. Usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu. Kufanya hivyo huweza kumzimisha mtu fahamu akiwa ndani ya maji, tena bila dalili.

Ya nne ni ya wale watakaotaka kwenda na mtungi. Hapo ni lazima mafunzo, hakuna njia ya mkato. Ukishuka, shinikizo la maji husukuma ngoma za masikio, kwa hiyo unabana pua na kupuliza taratibu kila baada ya hatua ndogo. Mwenye mafua asizame siku hiyo. Ukipanda, panda polepole na usibane pumzi kamwe, kwani hewa ya mtungi hutanuka kifuani na inaweza kupasua mapafu. Hii ndiyo sababu nilimwambia kijana aandike ndiyo. Mwenye pumu inayomsumbua, au inayoamshwa na mazoezi, asizamie kwa mtungi. Aliyeugua utotoni na kupona anaweza kuruhusiwa, lakini baada ya mapafu yake kupimwa. Kadhalika mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au presha isiyodhibitiwa aonane na daktari kwanza, na mama mjamzito asubiri ajifungue.

Tena ziwa letu haliko usawa wa bahari. Liko mita zipatazo 770 juu yake, hewa ni nyepesi zaidi, na hesabu za muda wa kukaa chini zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari lazima zirekebishwe. Ukizamia leo usipande ndege ya Dar es Salaam leo. Subiri angalau saa 18 kama umezama zaidi ya mara moja. Asiyefuata haya anaweza kupata mapovu ya gesi kwenye damu, maumivu ya viungo, hata kupooza. Kule pwani wapo vijana waliopooza wakisaka majongoo bahari kwa mashine za kupulizia hewa, bila mafunzo. Tiba yake ni chumba maalumu cha shinikizo la hewa, na vyumba hivyo nchini ni vya kuhesabu. Kama kuna kijana anakamata samaki wa mapambo huku Kigoma kwa mpira na kompresa, nasema naye pia.

Umesoma orodha hiyo na pengine umeshaamua kubaki nyumbani. Naomba usiamue hivyo. Barabarani nako kuna hatari, na hatukuacha kutembea. Tulijifunza kuvuka.

Nani atufundishe?

Sasa niseme maoni yangu. Naona ni aibu kwa mji uliojengwa ufukweni kuwa na mtoto anayemaliza darasa la saba anajua majina ya maziwa makuu na hawezi kuelea. Shule zetu za ufukweni zifundishe kuelea na kuokoa kabla ya kufundisha mbio za magunia. Wavuvi wazee wapo, na wengi wangefurahi kuitwa walimu.

Nitaambiwa habari ya wasichana na staha, na Ujiji ni mji wa staha. Tazama Nungwi, Unguja, ambako mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima, na wakufunzi ni wanawake wenzao. Kilichowezekana Nungwi hakishindikani Ujiji.

Halmashauri nayo itenge kipande cha ufukwe kisafi cha wananchi, na iongeze vyoo kwenye mialo. Anayejisaidia ufukweni leo ndiye anayelisha kichocho cha kesho. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, tuliona kipindupindu kinavyokwenda mahali maji na choo vinapokutana. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisoma mambo hayo vitabuni tu. Tangu nianze kuvaa miwani nayaona. Penye vilima vilivyokatwa miti, mvua imeshusha tope likafunika mawe, na samaki pale ni wachache. Mita mia mbili mbele, penye miti, mawe ni safi na samaki wamejaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, malalamiko yalikuwa mengi, na njaa ya mvuvi si jambo la kubeza. Ila aliyewahi kumwona kuhe analinda vifaranga vyake haelezwi mara mbili kwa nini ziwa lipumzike.

Kijana wangu wa Katonga amepimwa mapafu, na majibu ni mazuri. Kabla ya safari nilimwomba aje nasi Jumamosi moja kwenye mawe ya Bangwe. Alikuja na binamu yake, wakapokezana miwani yangu. Alikaa na uso majini mpaka nikaanza kumhesabia dakika. Alipoinua kichwa hakusema habari ya dagaa. Aliuliza: "Daktari, hawa wote walikuwepo siku zote?"

Zanzibar bado anakwenda, na nimembariki, kwa sababu huko ndiko atakakopata mwalimu wa mtungi. Amesema akirudi na cheti ataanzia hapa.

Wewe usiyekwenda Zanzibar, Jumamosi hii mtafute mtu mmoja anayejua maji, muulize wavuvi pako wapi salama, uende mapema na mwanao. Kama hujui kuogelea, anza na kuelea. Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutazungumzia masikio yanayotoa usaha na jinsi ya kuyakausha baada ya kuoga ziwani.